Wafu Wetu wa Vita, na Wale Waliokwenda na Mizigo Wasirudi



Baraza la parokia lilipotuagiza tuandike kurasa chache juu ya wafu wetu wa vita kwa ajili ya kitabu hiki cha jubilei, tulidhani kazi itakuwa nyepesi. Tulidhani tutapita katika mashirika yote na daftari mkononi, tutaandika majina, tutayapanga sawasawa na miaka yao, na siku ya Misa kuu yatasomwa mbele ya altare. Kumbe, wafu wa vita si wa namna moja. Wako wenye kaburi na msalaba. Wako wenye jina pasipo kaburi. Na wako wengine, nao ndio wengi kabisa, wasio na kaburi wala jina. Tutakawia hasa kwa hawa wa mwisho, kwani wale wengine wanao wasemaji wao.

Wazee waliotutangulia kando ya ziwa hili la Tanganyika walihesabu vita ya kwanza ya Wazungu tangu siku mizinga iliposikika upande wa Lukuga. Tarehe 22 ya mwezi wa nane 1914 masuwa ya Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, iliyoitwa Hedwig von Wissmann, iliishambulia Alexandre Delcommune, masuwa ya Wabelgiji, karibu na mahali ambapo leo ni mji wa Kalemie. Tangu siku ile ziwa likawa la Wadachi. Ndipo Waingereza walipoleta mashua zao mbili, Mimi na Toutou. Zilipanda gari la moshi toka Afrika ya Kusini hata Fungurume. Zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashini, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu. Zikapanda gari tena toka Sankisia hata Bukama, zikashuka mto Lualaba mpaka Kabalo, na kwa reli iliyokuwa mpya kabisa zikafika ziwani. Tarehe 26 ya mwezi wa kumi na mbili 1915 masuwa ndogo ya Wadachi, Kingani, ikatekwa. Tarehe 9 ya mwezi wa pili 1916 Hedwig ikazamishwa. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wadachi wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma katika mwezi wa saba wa mwaka uleule. Baadaye ilitolewa majini, ikaitwa Liemba, ikabeba abiria wa ziwa letu kwa miaka mingi sana.

Habari hii ya mashua zilizopanda milima inapendeza kama hadithi, na vitabu vingi vimeisimulia. Ni vichache vinavyouliza ni nani waliokata miti, waliojenga madaraja na kufungua njia ile.

Ziwa lilipokuwa huru, jeshi la Kongo, Force Publique, chini ya jenerali Charles Tombeur, likaendelea upande wa mashariki. Kigali ilishikwa tarehe 6 ya mwezi wa tano 1916, Kigoma tarehe 28 ya mwezi wa saba, na Tabora tarehe 19 ya mwezi wa tisa. Mwaka uliofuata jeshi lilirudi tena vitani, likaenda mbali zaidi hata Mahenge, ambayo ilishikwa tarehe 9 ya mwezi wa kumi 1917. Kwa ushindi ule Ubelgiji ulipata kutawala Rwanda na Urundi, na jenerali akapewa cheo cha baron, akaitwa baron Tombeur wa Tabora. Mji mzima uliingia katika jina la mtu mmoja.

Lakini mzinga hautembei wenyewe, wala sanduku la risasi halina miguu. Barabara za magari hazikuwako. Ng'ombe na punda walikufa njiani kwa ndorobo. Basi kila kitu kilipanda juu ya kichwa cha mtu: risasi, mchele, hema, dawa, waya wa simu, chuma cha mizinga kilichokatwa vipandevipande, na hata kiti cha Mzungu. Mzigo ulikuwa wa kilo 25 ama 30. Inahesabiwa kwamba katika vita ile yote kadiri ya watu 260,000 wa upande wa Wabelgiji walibeba mizigo. Wengi wao walibeba safari fupi karibu na kwao, wakarudi. Wale waliofuata jeshi hata nchi za mbali ndio walioteseka zaidi. Walilala nje katika baridi ya milima pasipo blanketi. Walipewa mchele na nafaka ngumu ambazo matumbo yao hayakuzijua, wao waliozoea bukari ya muhogo, na mara nyingi hawakuwa na sufuria wala wakati wa kuzipika vema. Kuhara damu na ugonjwa wa mapafu viliwaua wengi kupita risasi za Wadachi.

Ni wangapi waliokufa? Hapa ndipo moyo unapouma. Askari waliandikwa, kila mmoja alikuwa na namba, na namba ilikuwa na karatasi. Juu ya wapagazi hesabu moja inasema walikufa zaidi ya 7,000, na hesabu nyingine inasema zaidi ya 15,000. Ndugu zetu, tazameni nafasi iliyoko kati ya hesabu hizi mbili. Ni watu 8,000, karibu idadi ya parokia nzima, ambao mwandishi mmoja anawaona na mwingine hawaoni. Mfanyabiashara aliyepoteza magunia 8,000 ya chumvi angalifanya makelele mpaka leo.

Namna ya kuwatwaa twaijua kwa masimulizi. Mzungu wa serikali alimwagiza sultani watu kadha wa kadha, naye sultani akawatoa. Hakuanza na watoto wa nyumba yake mwenyewe. Tusimlaumu kupita kiasi, maana kiboko kilimngoja naye. Walitolewa wasio na mjomba mwenye nguvu, wageni, vijana wenye kesi, na mara nyingine mtu aliyepita tu njiani. Upande wa Waingereza mambo hayakuwa mazuri zaidi. Wasafiri waliofika Dar es Salaam wanalijua soko la Kariakoo. Jina lile ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambalo watu waligeuza katika midomo yao, kwa sababu hapo ndipo walipokaa wapagazi wa vita ileile. Hata leo watu wananunua nyanya na samaki ndani ya jina la wafu, wala hawajui. Hata hivyo, Nairobi, penye sanamu za ukumbusho wa vita ile, mpagazi alipewa nafasi yake: amesimama pamoja na askari, naye ni wa shaba kama wao.

Tuseme sasa habari ya nyumba yetu wenyewe, si kwa majivuno, bali kwa sababu ndiyo tunayoijua toka mwanzo hata mwisho.

Baba wa babu yetu alitwaliwa kwa kubeba mizigo katika mwaka wa Tabora. Babu yetu alikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni; hakulikumbuka uso la baba yake, alikumbuka tu kwamba mama yake alimwinua juu apate kuona mstari wa watu wakishuka kwenda ziwani. Wengine wa kijiji chetu walirudi baada ya miezi mingi, wamekonda, mmoja asiye na vidole vya mguu. Walipoulizwa habari za mwenzao, mmoja alisema alimwacha mgonjwa mahali penye reli. Mwingine alisema hapana, alimwona mbele zaidi, akiwa mzima, na mzigo kichwani. Maneno yakaisha hapo. Hapakuwa na karatasi, wala mjumbe, wala franga za pole.

Wote mnajua desturi. Mtu akifa, watu wanalala chini, wanalia, wanaweka matanga, na siku zikitimia mjane ananyolewa na jamaa ya mume wanakaa shauri lake. Lakini nani atanyoa nywele za mwanamke ambaye mume wake hakuonekana amekufa? Ndugu wa mume walikuja kudai kumrithi. Mama wa babu yetu alikataa. Aliwaambia: «Nionyesheni kaburi, nami nitakwenda na ninyi jioni hii.» Hawakuwa na kaburi la kumwonyesha. Wakamwita kichwa kigumu, wakamnyang'anya shamba la mihogo la upande wa mto, naye akalima jingine mlimani.

Miaka ikapita, mapadri wakafungua misioni yetu hii ambayo leo tunaifanyia jubilei, naye akafundishwa katekismu pamoja na wanawake wazee, akabatizwa. Alipofahamu kwamba Misa inaweza kutolewa kwa ajili ya marehemu, alileta kuku wawili na unga, akaomba Misa kwa ajili ya mume wake. Padri akafungua daftari la nia za Misa, akauliza: «Marehemu nani?» Mama yule akanyamaza. Kama angalijibu neno lile, ni yeye ambaye angalimwua mume wake kwa kinywa chake. Akasema: «Padri, mimi sijui kama ni marehemu. Andika msafiri.» Babu yetu, aliyesimama pale mlangoni, alitusimulia kwamba Padri aliinamisha kichwa kitambo, kisha akaandika. Na tangu siku ile, kila mwaka, mama yule aliomba Misa ya msafiri, mpaka kufa kwake. Hakuweka matanga kamwe. Daftari lile haliko tena. Lilipotea pamoja na vitabu vingine katika maasi ya 1964.

Tulipokuwa katika seminari ndogo tulifundishwa jambo ambalo lilitukumbusha mara moja habari ya mama huyo. Wakristu wote wanajua kwamba siku ya kuwakumbuka marehemu wote, tarehe 2 ya mwezi wa kumi na moja, padri ana ruhusa ya kusoma Misa tatu. Wachache wanajua ruhusa hiyo kwa Eklezya nzima imetoka wapi. Aliitoa Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 tarehe 10 ya mwezi wa nane 1915, katikati ya vita ileile, kwa sababu wafu wa vita walikuwa wengi mno kupita Misa za kuwaombea. Basi Misa tatu za mwezi wa kumi na moja ni matunda ya vita, na wapagazi wa Tabora walianza kuombewa hata kabla hawajaondoka kwao. Hakuna aliyewaambia. Na katika mwaka wa Mahenge, tarehe 21 ya mwezi wa saba 1917, huko Baudouinville, ambayo ni Kirungu ya leo, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi zetu. Twapenda kuwaza kwamba katika Misa zake za kwanza za marehemu mtoto wa nchi hii aliwataja mbele ya Mungu watu wa lugha yake mwenyewe, waliokuwa wakianguka njiani siku zilezile.

Juu ya vita ya pili hatuna mengi. Mwaka wa 1941 askari wa Kongo walikwenda hata Ethiopia, wakashika Asosa, na tarehe 3 ya mwezi wa saba Waitalia wa Saio wakajitoa mikononi mwao. Hospitali moja ya vita ya Kongo ilifuata Waingereza hata Burma. Katika parokia yetu jamaa mbili zilileta majina ya vita ile, pamoja na vitabu vya askari vilivyoliwa na mende. Kuyaandika hakukuwa na shida.

Shida kubwa ilikuja tulipofika kwenye vita vya sisi kwa sisi. Eklezya ya nchi yetu ina mashahidi wake. Tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 1962 wamisionari 20 wa shirika la Roho Mtakatifu waliuawa Kongolo. Tarehe 1 ya mwezi wa kumi na mbili 1964 Sista Anuarite aliuawa Isiro. Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa 2 alimtangaza mwenye heri huko Kinshasa mwaka wa 1985. Siku tatu kabla ya Anuarite, tarehe 28 ya mwezi wa kumi na moja 1964, waliuawa huko Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na huko Fizi Padri Giovanni Didonè na Abé Albert Joubert. Huyu Abé Albert ni mtoto wa ziwa letu, aliyezaliwa Saint-Louis ya Mrumbi, mwana wa kapiteni Joubert na wa mama Mwafrika. Wote wanne walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 ya mwezi wa nane 2024, na wakristu wa kwetu waliokwenda kule kwa mashua walirudi wamekauka sauti kwa kuimba. Tena hatukumsahau Askofu mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa Bukavu tarehe 29 ya mwezi wa kumi 1996, wala padri, masista na wakristu wengi waliouawa Kasika tarehe 24 ya mwezi wa nane 1998. Wote hawa wanatajwa, na inafaa watajwe.

Lakini katika shirika moja mzee mmoja alituletea jina la kaka yake, akasema: «Huyu naye alikufa vitani mwaka wa 1964. Mwandikeni.» Kaka yule alikuwa Simba. Alikwenda na maasi akiwa kijana, amenyunyiziwa maji ya Mulele, na dawa imefungwa kiunoni, akapigwa risasi barabarani. Jioni ileile mama mmoja wa shirika jirani alikuja nyumbani kwetu, hakutaka kuketi. Baba yake aliuawa na Simba mbele ya macho yake, akiwa mtoto wa miaka sita. Alisema: «Mkiandika lile, futeni la baba yangu. Hawatasomwa kwa pumzi moja.»

Baraza la parokia lilikaa dominika tatu juu ya shauri hili. Wengine walisema tuandike tu wasio na kosa. Lakini nani atapima? Wako askari wa serikali katika orodha ambao mikono yao haikuwa safi, na jamaa zao wanajua. Wengine walisema tuache majina yote, tuseme tu «marehemu wote wa vita». Sisi tulikataa neno hilo, na twalikataa mpaka leo. Wapagazi wetu walizikwa katika neno «wote» kwa miaka zaidi ya 100. Dominika ya tatu tuliomba ruhusa, tukafungua kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda Makabayo alikwenda kuwaokota askari wake walioanguka vitani apate kuwazika kwa jamaa zao, akakuta chini ya nguo za kila mmoja wa wafu hirizi za miungu ya Yamnia. Walikufa, basi, na dawa kiunoni. Yuda hakuwaacha kwa ndege. Alichanga fedha, drakma 2,000, akazipeleka Yeruzalemu watolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Eklezya inapotafuta katika Agano la Kale mahali pa kuwaombea wafu, inafungua ukurasa huo.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwisho baraza lilikata shauri hivi: majina yote yaandikwe katika orodha moja, kwa kufuata alfabeti, pasipo kusema huyu askari, huyu mwasi, huyu aliuawa na fulani. Jina la yule Simba limeandikwa. Mama yule alituomba tuondoe jina la baba yake, nasi tumeliondoa, kwani ni haki yake. Padri wetu atamsomea Misa ya peke yake, siku anayoitaka mwenyewe. Hatutaki wageni wetu wadhani kwamba jambo hili limekwisha vizuri. Limekwisha hivyo tu. Mama yule angali anakuja Misa ya kwanza kila dominika, anakaa upande wa kushoto, na mzee yule upande wa kuume.

Juu ya wapagazi tumepata majina 17. Matano ni majina ya utani, na moja ni jina la ukoo tu, kwani mjukuu hakujua zaidi. Jina la baba wa babu yetu limo, nasi hatulitaji hapa mbele ya mengine, lisije likaonekana limepewa kiti cha kwanza kwa kuwa mjukuu wake ndiye aliyeshika kalamu. Tulipoliandika, shangazi yetu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, aliuliza tumeliweka chini ya neno gani. Tukamsomea: «Marehemu wa vita.» Akasema tuliandike kama mama wa babu alivyoagiza. Tulimweleza kwamba imepita miaka zaidi ya 100, na hata mtu aliyerudi salama toka Tabora angalikuwa amekufa zamani. Akajibu kwamba hesabu anaijua, lakini ahadi si ya kwetu kuivunja. Basi msomaji atakapofika kwenye jina lile atakuta baada yake neno «msafiri». Asidhani ni kosa la mashini.

Daftari liko sakristia kwa mlinzi wa kanisa mpaka dominika ya mwisho kabla ya Misa kuu. Mwenye jina alilete. Jina la utani linatosha.